Kenge Gani Anafaa kwa Mufugaji Anayeanza?



Katika mikutano ya vijana kuna swali moja linalorudi mara nyingi: "Pasta, ni zambi kufuga kenge mu nyumba? Na kama si zambi, mutu anaweza kuanza na kenge wa namna gani?" Wazazi wengine wakisikia hivi wanacheka. Wengine wanakasirika, juu wanaona kenge ni ndugu ya nyoka. Lakini kijana akiuliza, tumujibu vizuri. Tukinyamaza sisi, barabara itamujibu.

Na swali lenyewe halikutoka mbali. Wakati wa mvua watoto wetu wanaokota kenge wadogo pembeni ya Lualaba na Lufira. Simu zinawaonyesha vijana wa Ulaya na Marekani waliobeba kenge ku bega sawa vile paka. Na ndugu zetu walioko Ubelgiji wanaweza kukuta nyama hao katika maduka.

Tuanze na zambi. Katika Walawi sura ya 11, Waisraeli walikatazwa kula mijusi wa aina mbalimbali. Hakuna andiko linalosema kwamba Shetani ndiye aliyewaumba. Katika Mithali 30, Biblia yetu ya Kiswahili inamuhesabu mujusi kati ya viumbe vinne vidogo vyenye akili nyingi. Na Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mutu wa haki anaangalia uzima wa nyama wake. Basi swali halisi si "ni zambi?" Swali ni hili: "Nitaweza kumutunza mupaka mwisho?"

1. Kenge wa muto: mudogo leo, mukubwa kesho

Kenge wetu wa muto, ambaye wengine wanamuita mbulu, wenye elimu wanamuita kenge wa Nile. Mama yake anachimba tundu katika kichuguu cha mchwa na kutaga humo mayai mengi, pengine hata 60. Mchwa wenyewe wanaziba tundu lile. Humo ndani joto na unyevu havibadiliki sana, na mayai yanakaa salama. Tazameni hekima ya Muumba!

Mutoto wake akitoka ana urefu wa karibu sentimita 30 pamoja na mukia, na rangi nzuri ya nyeusi na manjano. Hapo ndipo kijana anadanganyika. Anaona kitu cha kuweka ndani ya boksi. Lakini nyama huyu anakua mbio, na akikomaa anaweza kufikia metre 2. Anaogelea, anapanda miti, anachimba. Anauma kwa nguvu, anapiga kwa mukia sawa fimbo, na kucha zake zinapasua ngozi. Si kwamba ana roho mubaya. Mamba, tai na mutu wanamuwinda tangu anapotoka mu yai, ameumbwa ajitetee. Hata ukimulisha kila siku, wengi wao hawazoei mukono wa mutu.

Watu wa Florida, Marekani, wamejifunza jambo hili kwa hasara. Kenge hawa walipelekwa kule ili wauzwe kwa wafugaji. Wengine walitoroka, wengine waliachiwa. Tangu karibu mwaka 1990 wanaonekana katika muji wa Cape Coral, wanazaana pembeni ya mifereji na kula mayai na ndege wa fasi ile. Mwaka 2021 jimbo la Florida likamutia katika orodha ya nyama ambao watu hawaruhusiwi kuwafuga nyumbani kwa kujifurahisha. Basi kenge wa muto si wa mufugaji anayeanza. Hata mwenye ujuzi anafikiri mara mbili.

2. Kenge wa savana: bei ndogo, kazi kubwa

Wa pili ni kenge wa savana wa Afrika Magharibi. Kwa miaka mingi nchi za Ghana, Togo na Benin zimeuza ngambo maelfu na maelfu ya watoto wa kenge huyu. Akikomaa anakaribia metre 1, na mara nyingi ni mutulivu kuliko kenge wa muto. Kwa hiyo zamani vitabu vingi vya wafugaji vilisema: "Anza na huyu." Bei yake ndogo nayo ilivuta watu.

Leo wafugaji wenye ujuzi hawasemi tena hivyo. Wengi wa kenge hao walikufa mapema, na sababu zinajulikana. Katika pori anakula zaidi sana wadudu, jongoo na konokono, na anakaa muda murefu katika matundu ya udongo wenye unyevu. Lakini watu walimufungia juu ya muchanga mukavu na kumulisha panya kila siku. Akanenepa kupita kiasi, maji yakamuishia mu mwili, figo zikaharibika. Akionekana mupole, mara nyingi ulikuwa ni ugonjwa. Kumufuga vizuri kunataka kizimba cha karibu metre 2 na nusu, chenye udongo mwingi wa kuchimba. Bei ya kumununua ni ndogo. Bei ya kumutunza ni kubwa.

3. Kenge mudogo wa Australia

Wa tatu anatoka Australia. Wafugaji wanamuita aki, kwa kufupisha jina lake la elimu, Varanus acanthurus. Anaishi katika fasi kavu zenye mawe. Mukia wake umejaa miiba. Adui akija, anaingia katika ufa wa jiwe na kuziba mulango kwa mukia ule.

Akikomaa ana sentimita 60 ao 70 tu, na zaidi ya nusu ni mukia. Chakula chake ni nyenje, panzi na mende. Akiuma, kidonda ni kidogo. Ni mwerevu, anachimba na kutafuta muchana wote, na wengi wao wanazoea kuchukua chakula mukononi. Australia hairuhusu nyama wake wa pori wauzwe ngambo kwa biashara ya wafugaji. Kwa hiyo anayenunua Ulaya ao Marekani atafute yule aliyezaliwa kwa mufugaji, si aliyeibwa porini.

Kwa hiyo, ukiuliza kenge anayewezekana kwa anayeanza, jibu la wafugaji wengi ni huyu. Lakini "anayewezekana" si "rahisi". Sikiliza mahitaji yake:

– Kizimba kisicho chini ya sentimita 120 kwa 60, na kikubwa zaidi ni bora, chenye udongo wa sentimita 30 ao zaidi.
– Fasi ya kuota joto, ambapo jiwe linafika digri 60 ao zaidi chini ya taa, na upande mwingine wenye baridi kiasi, karibu digri 25.
– Taa ya pekee yenye mwangaza sawa ule wa jua, ili mifupa isilegee.
– Unga wa kalsiamu juu ya wadudu anaokula.
– Miaka 15 ya kumutunza, pengine zaidi.

4. Kaa kwanza, uhesabu

Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anakaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akaishia ku musingi na watu wakamucheka. Kijana, kaa na wewe. Leo una miaka 16. Kenge huyu atakuwa hai ukiwa na 31. Utakuwa umeoa. Utakuwa pengine umehama kufuata kazi. Nani atamulisha? Muke wako atakubali mende mu nyumba?

Hesabu umeme pia. Kenge hana joto lake mwenyewe ndani ya mwili sawa mutu. Joto lake linatoka inje. Akikosa joto, tumbo halisagi chakula na ugonjwa unaingia. Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunajua baridi ya usiku ya mwezi wa sita na wa saba, na tunajua umeme unavyokatika. Taa ikizimika siku tatu, utafanya nini?

Hesabu jamaa. Mijusi, nyoka na kobe wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila kuonekana wagonjwa. Vijidudu hivyo vinaleta kuhara na homa, na hatari ni kubwa kwa watoto wa chini ya miaka 5, mama mwenye mimba na wazee. Ukishika kenge, nawa mikono kwa sabuni. Chombo chake kisioshwe pamoja na sahani za chakula.

Hesabu sheria. Nchi yetu iliingia mwaka 1976 katika mukataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vya pori kati ya nchi na nchi. Kenge wote wako ndani ya mukataba ule, kwa hiyo hawavuki mupaka bila karatasi. Nchi ina pia sheria ya mwaka 2014 juu ya kulinda viumbe. Kijana akiambiwa na mugeni: "Niletee kenge wadogo, nitakupa dola," aende kwanza kuuliza ofisi ya mazingira. Feza ya haraka tunaijua katika muji wa madini. Tunajua pia inavyopotea.

5. Na sisi hapa?

Kwa ndugu yetu wa Ulaya ao Marekani mwenye nyumba, umeme wa kudumu, munganga wa nyama na ruhusa ya sheria, jibu ni wazi: aanze na aki, mumoja, aliyezaliwa kwa mufugaji. Wazazi, mukiwapigia simu watoto walioko kule, muwaambie hivyo.

Kwako kijana wa hapa, jibu langu ni lingine, na lisikukatishe tamaa. Kenge wako tayari yuko, ku muto. Usimuokote. Mutazame kwa mbali asubuhi anapoota jua juu ya jiwe. Andika katika daftari: alitoka saa ngapi, alikula nini, alikimbilia wapi. Na kama mikono yako inataka kufuga, anza na kuku, bata ao sungura. Mwenye kuamka kila asubuhi kuwapa maji mwaka muzima bila kukumbushwa na mama, huyo ameanza kuwa mufugaji.

Adamu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza. Kutunza wakati mwingine ni kulisha, na wakati mwingine ni kuacha kiumbe katika fasi Mungu alipokiweka.

Maswali kwa kikundi cha vijana

1. Ni kitu gani kingine katika maisha kinachoonekana kidogo leo na kuwa kikubwa kesho?
2. Soma Luka 14:28-30. Kabla ya kuchukua nyama wa kufuga, utahesabu mambo gani matatu?
3. Katika kijiji chetu ao avenue yetu, kuna nyama anayeteswa? Tutafanya nini juma hili?

Mungu awabariki.