MGONJWA NAYE ANA HAKI

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii ni tamu, lakini hospitalini haifai hata kidogo. Nitawaeleza kwa nini.

Likizo iliyopita nyanya yangu alilazwa katika hospitali moja, nami nikaachwa nikae naye. Asubuhi aliletewa fomu ya Kiingereza, akaambiwa, "Mama, tia kidole hapa." Nyanya hajui kusoma, na lugha aijuayo ni Kikamba tu. Akatia kidole. Muuguzi alipoondoka na fomu yake, nyanya akanigeukia: "Mjukuu wangu, nimekubali nini?" Mimi, msomi wa kidato cha tatu, nikabaki kimya. Jioni ndipo tukajua kumbe alikubali kupasuliwa!

Alipona, twamshukuru Mungu. Lakini swali lake halikunitoka akilini. Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa historia, tukaisoma sheria pamoja. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, haki ya kuelezwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba anaweza kukataa. Tena aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo kidole cha nyanya peke yake hakikutosha. Kilipaswa kutanguliwa na maelezo ya Kikamba. Ila mgonjwa akiwa hajitambui, na kuchelewa kutahatarisha maisha yake, daktari anaweza kumtibu bila kungoja.

Pili, haki ya dharura. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hospitali yenye uwezo ikikataa, yaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Basi ukigongwa na gari kwenye barabara ya Mombasa, asikwambie mtu eti lipa kwanza ndipo damu izuiwe.

Tatu, haki ya kutofungiwa kwa sababu ya deni. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kuwa akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kukosa pesa walivunjiwa haki zao. Deni lina njia zake za kudaiwa.

Isitoshe, penye haki pana wajibu. Mgonjwa amweleze daktari ukweli, na awaheshimu wauguzi, ambao kazi yao si rahisi. Ukiwa na malalamiko, anza kwa wakuu wa hospitali. Wasipokusikiliza, liko Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Wenzangu, wengi wetu ndio wasomaji wa barua nyumbani. Siku ukimsindikiza mzazi hospitalini, uliza kabla ya kidole kutiwa wino: Hii ni fomu ya nini? Ina hatari gani? Kuna njia nyingine? Kisha umfasirie polepole mpaka aelewe. Mimi siku ile nilikuwa na Kikamba, Kiswahili na Kiingereza mdomoni, na nikanyamaza. Wewe usinyamaze. Kuuliza si ujinga.