Dawa ya huzuni ikizidi, usingoje mashine

Mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, sikilizeni.

Amitriptilini ni dawa ambayo munganga anampa mtu mwenye huzuni nzito, au mwenye maumivu ya mishipa. Kwa kipimo chake, inasaidia. Ikimezwa nyingi kwa mara moja, inaua: mtu anasinzia, anachanganyikiwa, anapata degedege, moyo unapiga ovyo. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge 2 tu vya miligramu 25 ni hatari.

Wengine wanasema: «Lopitali kubwa iko na mashine ya kusafisha damu.» Ni kweli. Damu inatoka kwa mpira, inapita katika chujio, inarudi mwilini. Mashine hiyo inasaidia wagonjwa wa figo, na watu waliokunywa sumu fulani, kama metanoli. Lakini amitriptilini haiiwezi.

Kwa nini? Wewe wa mgodini unajua: pompi inavuta maji ya shimo, lakini maji yaliyo ndani ya mawe yanabaki. Dawa hii vilevile haikai katika damu. Inaingia upesi katika nyama, mafuta na moyo. Chujio linapata kidogo tu. Mwaka 2014, wataalamu wa nchi mbalimbali walishauri mashine isitumiwe kwa sumu ya dawa za aina hii.

Kinachookoa ni kufika mapema. Katika saa ya kwanza, munganga anaweza kutoa makala ya dawa, yanayoshika sumu tumboni. Baadaye kuna bikaboneti ya mshipani kwa ajili ya moyo, dawa ya degedege, na msaada wa kupumua.

Basi fanya hivi:

1. Mpeleke lopitali mara moja, hata kama bado anatembea na kusema. Hali inageuka kwa saa chache.
2. Chukua pakiti ya dawa, uionyeshe.
3. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mawese. Makala ya mbabula si dawa.
4. Akisinzia, mlaze kwa ubavu.
5. Nyumbani, funga dawa kwa ufunguo, mbali na watoto.

Aliyemeza kwa kusudi, usimgombeze wala kumcheka. Huzuni ni ugonjwa. Usimwache peke yake, na mwambie munganga ukweli wote. Haya inapoteza saa, na saa ndiyo uhai.