Susa, Tumbo na Moyo Mzito

Mjini Isiolo maziwa ya ngamia huingia kutoka malishoni kwa madumu. Mengi hupakiwa mabasini kwenda Eastleigh, Nairobi, biashara ambayo kina mama wa ushirika wa Anolei wameijenga hadi ikajulikana nchini. Yanayoachwa siku moja au mbili ndani ya chombo kilichofukizwa moshi huchacha yakawa susa. Wanaoyachachua ni bakteria, na jamaa zao wanaishi kwa wingi usiohesabika ndani ya utumbo wa kila mtu. Kwa miaka ishirini hivi watafiti wamekuwa wakiuliza kama hao wa tumboni wana mkono katika sonona, ile huzuni isiyomtoka mtu kwa wiki na miezi.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria yeyote hutoa homoni za msongo kupita kiasi wakibanwa. Huko Cork, Ireland, mwaka 2011, panya waliolishwa aina moja ya bakteria wa Lactobacillus walipungukiwa na woga; neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, ilipokatwa, utulivu huo haukuonekana tena. Kisha Ubelgiji, mwaka 2019, watu 1,054 walichunguzwa, na wenye sonona wakakutwa na upungufu wa bakteria wa aina mbili, Coprococcus na Dialister.

Je, upungufu huo ndio ulioleta huzuni, au mwenye huzuni alikula vibaya bakteria wakapungua? Bado ni kitendawili. Ile Lactobacillus ya Cork ilipojaribiwa kwa wanaume wenye afya haikuwasaidia kitu. Na wanaosema kwamba serotonini nyingi hutengenezwa tumboni wanasema kweli, ila serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo yeyote anayeuza susa, au kidonge, kama dawa ya sonona anauza asichokijua.

Kuna jambo jingine linalostahili kusemwa kwa sauti: sampuli nyingi za bakteria wa utumbo duniani zimetoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Wahadzabe wa Tanzania walipochunguzwa, ilionekana bakteria wao hubadilika kiangazi na masika kwa kufuata chakula. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 ulihusisha wanawake 1,801 wa nchi nne za Afrika, lakini wale wa Kenya walikuwa wakazi wa Nairobi. Tumbo la mfugaji, lililokuzwa kwa maziwa na nyama, halifanani na la mtu wa Brussels, wala la mkazi wa mtaa wa Nairobi.

Na Isiolo ingewafunza wanasayansi mengi. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilipokufa, familia zilipoteza maziwa yanayolisha bakteria, na papo hapo zikapoteza mali, mahari ya kijana na heshima ya mzee barazani. Nani atatenganisha njaa ya utumbo na msiba wa moyo katika nyumba kama hiyo? Mwenye kuhuzunika hapo hahitaji kuambiwa tatizo lake ni bakteria tu.

Bakteria mmoja, hata hivyo, hafai kusahauliwa katika kaunti hii: yule wa brusela, anayeambukizwa kupitia maziwa mabichi. Huleta homa ya kwenda na kurudi, maumivu ya viungo, uchovu na mara nyingi unyonge wa moyo unaofanana sana na sonona. Moshi wa chombo haumuui, wala uchachu wa susa si kinga ya kutegemea. Kuchemsha maziwa kwanza, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kama mbegu susa ya jana iliyotokana nayo pia na maziwa yaliyochemshwa, huondoa hatari hiyo. Na mama anayefika hospitalini akilalamika kwamba amechoka na haoni raha ya chochote anastahili mambo mawili siku hiyo hiyo: kupimwa damu, na kuulizwa kwa upole amekuwa akilala vipi na nini kimemsibu.