Kitabu cha Karatasi, Kitabu cha Simu na Haki ya Mtenda Kazi



Katika miaka 30 hivi iliyopita, biashara ya vitabu imetikiswa mara mbili. Kwanza, nchini Marekani, maduka makubwa yenye matawi mengi, kama Barnes & Noble na Borders, yaliuza kwa punguzo kubwa, na maduka madogo mengi yakashindwa kuhimili. Kisha, mwaka 1995, Amazon ilianza kuuza vitabu kwa intaneti, na mwaka 2007 ikatoa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Borders, ambayo mwaka 2001 iliikabidhi Amazon mauzo yake ya intaneti, ilifilisika na kufunga maduka yake mwaka 2011. Aliyewameza wadogo naye alimezwa.

Kwa mchapishaji, kitabu cha kielektroniki huondoa gharama ya karatasi, wino na usafirishaji. Hata hivyo, jasho la mwandishi, mfasiri na mhariri hubaki lilelile. Tena, muuzaji mmoja akilishika soko, hupata nguvu ya kuwabana wachapishaji katika bei. Ndiyo maana sheria ya Ufaransa ya mwaka 1981 iliweka kikomo cha punguzo kuwa asilimia 5 ya bei aliyopanga mchapishaji.

Msomaji naye apaswa kujua kwamba mara nyingi hanunui kitabu chenyewe, bali ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya mbili za George Orwell katika vifaa vya wateja waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa fedha, lakini kitabu kilitoweka.

Sisi je? Vitabu vyetu vingi vya sala na katekesi vimetoka mikononi mwa watawa: Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, na Mabinti wa Mtakatifu Paulo kupitia Paulines Publications Africa, Nairobi. Kitabu chao kinapopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa katika kundi la WhatsApp la jumuiya, nia yaweza kuwa njema, lakini anayefanya kazi hapati kitu, na toleo lijalo laweza lisichapwe. Amri ya saba inahusu jambo hili pia, na Injili ya Luka (10:7) yatukumbusha kuwa mtenda kazi ana haki ya malipo yake.

Nyaraka za Mababa Watakatifu twaweza kuzisoma bure katika tovuti ya Vatikani. Kwa vitabu vingine, kabla ya kusambaza tuulize: je, mwenye haki ameruhusu? Asiporuhusu, tukinunue, na asiye na uwezo, jumuiya imnunulie.