Magari ya mbio ya Auto Union katika Umoja wa Kisovyeti

Magari ya mbio ya Auto Union yalikuwa magari ya mashindano ya Grand Prix yaliyotengenezwa mjini Zwickau, Ujerumani, miaka ya 1934 hadi 1939. Pamoja na yale ya Mercedes-Benz yalijulikana kama "Mishale ya Fedha" kutokana na rangi yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mengi yalihamishiwa Umoja wa Kisovyeti, na tangu hapo imekuwa vigumu kueleza gari lipi ni lipi.

Muundo

Tofauti na magari mengi ya wakati ule, injini yake ilikaa nyuma ya dereva. Type C ya 1936 ilikuwa na silinda 16 na ujazo wa lita 6. Sheria zilipobadilishwa mwaka 1938 ilifuata Type D, yenye silinda 12 na lita 3. Ushindi wa mwisho aliupata Tazio Nuvolari huko Belgrade tarehe 3 Septemba 1939, siku ileile Uingereza na Ufaransa zilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Kuhamishwa

Wakati wa vita magari yalifichwa katika majengo ya mgodi karibu na Zwickau. Mji huo uliingia katika eneo lililotawaliwa na jeshi la Kisovyeti, na magari yakachukuliwa kama fidia ya vita. Yaligawiwa kwa viwanda na taasisi za utafiti. Wahandisi waliyafungua ili kuyachunguza, na kwao hayakuwa kumbukumbu bali mashine za adui za kujifunzia. Mengi yaliishia kuwa chuma chakavu.

Gari moja la mbio za kupanda milima, lenye fremu ya Type D na injini ya Type C, lilibaki katika kiwanda cha ZIL mjini Moscow. Mwaka 1976 lilikuwa karibu kukatwakatwa, lakini Viktors Kulbergs, mpenzi wa magari ya kale kutoka Latvia, aliliokoa na kulipeleka Riga. Baadaye kampuni ya Audi, mrithi wa Auto Union, ililipata gari lenyewe, na makumbusho ya Riga yakapewa nakala.

Vipande vya magari mengine mawili vilipatikana na Paul Karassik, mkusanyaji wa magari aliyeishi Marekani. Alivitafuta kwa miaka mingi ndani ya Umoja wa Kisovyeti, akavitoa nje, kisha mafundi wa Crosthwaite & Gardiner huko Uingereza wakayajenga upya, wakitengeneza sehemu zilizokosekana.

Tatizo la utambulisho

Timu za mashindano zilibadilisha injini, giaboksi na fremu kati ya mbio moja na nyingine. Kwa hiyo namba iliyogongwa kwenye injini haithibitishi peke yake kwamba fremu iliyoibeba ilishiriki mbio fulani. Watafiti hulazimika kulinganisha namba hizo na picha za zamani, hadi mashimo ya skrubu na alama za kulehemu.

Jambo hili lina uzito wa fedha. Mwaka 2007 Christie's ilipanga kuuza Type D moja kwa mnada mjini Paris, ikitarajiwa kupata mamilioni ya dola. Mnada wa gari hilo uliahirishwa baada ya kuzuka maswali kuhusu mbio ambazo kwa kweli lilishiriki. Hakuna aliyebisha kwamba lilitoka Zwickau. Kilichobishaniwa ni historia yake, na bei iliitegemea historia hiyo.