Binti Amekabidhiwa Timu ya Wavulana

Baada ya kikao chetu cha mwezi hapa Mpuguso, mwenzetu mmoja alitubakiza nyuma. Binti yake anasoma ualimu, na alipokwenda mazoezi ya kufundisha, shule ilimkabidhi timu ya mpira wa kikapu ya wavulana. Baba mtu amekasirika. Msichana wa miaka 21 atawaamrishaje vijana waliomzidi kimo? Na nani atamwoa?

Mama huyo alikuwa na ombi. Kwa kuwa sisi ni wauguzi, tumwandikie binti kwamba mchezo ule unaharibu kizazi.

Hatukuandika. Miaka yote tuliyokaa wodi ya wazazi hatujaona kizazi kilichoharibiwa na kurukaruka. Kinachowaponza wasichana wachezaji ni goti. Kano zake huwakatika mara nyingi kuliko wavulana. Hapo ndipo kocha anayejua kazi anapohitajika, awapashe mwili moto na kuwafundisha kutua huku magoti yamekunjwa.

Basi tukachemsha chai, tukamsimulia habari za Liz Mills.

Huyu ni mama wa Australia, mzaliwa wa Sydney. Kazi yake barani kwetu ilianzia Zambia mwaka 2011, akifundisha timu ya wanaume. Hakupaa ghafla. Alikaa miaka mingi akiwa msaidizi, pamoja na timu za taifa za Zambia na Kameruni, na msaidizi, kama muuguzi wa zamu ya usiku, hufanya mengi asiyetajwa. Mwanzoni mwa 2021 Kenya ikampa timu yake ya taifa ya wanaume. Timu hiyo ilikuwa haijacheza fainali za Afrika tangu 1993, zilipofanyika Nairobi.

Februari 2021, huko Yaoundé, Kenya ikakutana na Angola iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Sekunde za mwisho kabisa Tylor Ongwae akatupia mpira kikapuni, ikawa 74 kwa 73. Kenya imefuzu! Agosti mwaka huo, mjini Kigali, Liz Mills akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya wanaume katika fainali hizo, na vijana wake wakaifunga Mali.

"Wakamtii?" mama akauliza.

Mama, wangeifungaje Angola bila kumtii?

Hatukumficha upande wa pili. Ukocha hauna ndoa ya kudumu. Baada ya Kigali, Kenya ilimpa timu mtu mwingine. Mills akaenda Morocco kufundisha AS Salé, na mwaka 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika Ligi ya Kikapu ya Afrika.

Tukamkumbusha pia netiboli tuliyocheza sote shuleni, sketi zikipepea. Ilizaliwa na kikapu hicho hicho! James Naismith, mwalimu wa chuo kule Springfield, Marekani, alibuni kikapu mwaka 1891, na mwaka uliofuata mwalimu wa kike, Senda Berenson, alikuwa tayari anawafundisha wasichana wa Chuo cha Smith. Walipocheza hadharani mwaka 1893, wanaume walikatazwa kuingia kutazama. Mama yule alicheka hadi chai ikamwagika.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe shuleni, mvua ya Tukuyu ikimnyeshea njia nzima. Alimkuta binti yake ana filimbi shingoni, raba miguuni, na sketi ya heshima. Wavulana walikuwa wamepanga mstari, wanaruka na kutua, wanaruka na kutua, na aliyetua vibaya alirudishwa nyuma bila ubishi.

Baba bado hajakubali. Tumemshauri mama asibishane naye mbele ya watoto, wala asimfiche alichokiona. Mechi ni wiki ijayo, na amemwomba mumewe amsindikize. Amejibu kwamba atafikiri.