Kupima si Kuthibitisha

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala anapotafsiri tangazo la afya hukutana na neno la Kiluganda "okwekebeza", naye huandika upesi: "kupimwa". Hajakosea. Hata hivyo, neno hilo moja linafunika mambo mawili: uchunguzi wa awali na utambuzi wa ugonjwa. Makala haya yanafafanua tofauti yake.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Kabalagala aliyenunua kifaa cha kujipima VVU katika duka la dawa. Anapangusa ufizi, anasubiri dakika 20 hivi, kisha mistari miwili inatokea. Aghalabu atasema, "Nimepatikana." La, bado. Kipimo hicho ni cha uchunguzi wa awali. Hufanya kazi kama chekecheke: hupitisha watu wengi kwa haraka na kubakiza wanaohitaji kuangaliwa zaidi. Ugonjwa hutambuliwa kituoni, ambako damu hupimwa kwa kifaa zaidi ya kimoja, cha aina tofauti, ndipo jibu litolewe.

Kwa nini kipimo kizuri kikosee? Tufanye hesabu ya kubuni. Watu 1,000 wamepimwa, na 10 kati yao wameambukizwa. Kipimo kinawanasa wote 10, lakini kinakosea kwa mtu 1 katika kila 100 wasioambukizwa. Katika hao 990, karibu 10 wataonyeshwa maambukizi wasiyokuwa nayo. Kwa hivyo, kati ya 20 walioonyeshwa maambukizi, nusu ni wazima. Kadiri ugonjwa unavyokuwa adimu, ndivyo makosa ya namna hii yanavyochukua sehemu kubwa zaidi ya majibu.

Jibu la "hapana" nalo lina mipaka. Aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kuonekana mzima. Ndiyo maana hushauriwa apimwe tena miezi 3 ikishapita.

Hali ni hiyo hiyo kwa saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi hupaka siki nyepesi na kutazama madoa meupe. Doa si saratani. Saratani huthibitishwa kwa kutazama kinyofu cha nyama kwa hadubini.

Walimu, neno "kupatikana" likitumiwa mapema laweza kuvunja ndoa. Wanafunzi na waigize mazungumzo ya kliniki wakisema: "Dada, kipimo hiki cha awali kimeonyesha dalili. Sasa tuthibitishe."